Kitufe cha Sigara Isiyo Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwandiko wa leo uvumiliwe, naandika huku nachungulia mlango.

Sikuwa napekua mkoba wa binti yangu. Nilikuwa natafuta sindano. Kwamba sindano zangu zote ziko kwenye kopo kando ya cherehani, hilo nililikumbuka mkono ulipokuwa umeshafika chini ya mkoba.

Nikakuta kidude cheusi, urefu wa kidole, kina kitufe. Nikadhani tochi. Nikabonyeza. Kitufe kigumu kama moyo wa mwenye nyumba. Nikakandamiza kwa kidole gumba. Kikazama, hakikurudi. Kidude kikapata joto, kikaanza kutoa moshi unaonukia pipi. Mtu mzima akiona moshi ndani ya nyumba anafanya nini? Nilikitumbukiza kwenye ndoo ya kudekia.

Kikazima. Nami nusura nizime.

Ndipo akili ikanijia: hizi ndizo sigara za umeme. Kifungua mimba wangu anavuta. Mapafu yale niliyoyafunika blanketi tangu ana siku moja.

Lakini siwezi kumsema. Mwaka jana alihama kwa sababu nilipekua simu yake. Akapanga chumba ng'ambo ya mji, nikawa napika sahani yake na kuitazama ikipoa. Amerudi kwa sharti moja: Mama, mkoba wangu usiuguse. Akasema siku akiondoka tena, harudi.

Akatoka bafuni. Nikakisukumia kile kidude kifuani, kinanidondoshea maji hadi tumboni. Akaniaga aende kazini kwake, mapokezi ya zahanati. Sikumkumbatia. Akauliza kama naumwa. Nikasema kidogo.

Mpango: nikikaushe, nitengeneze kitufe, nikirudishe. Hatajua mtu.

Jumanne, tarehe 4

Watu husema simu ikilowa inazikwa kwenye mchele. Nikakizika kwenye debe la mchele. Nikajiona nina akili.

Saa nne wifi yangu akaja na bakuli. Wifi huyu ndiye dada wa mume wangu, tunagawana ukuta. Mume wangu akisafiri na lori lake, dada yake anabaki kunilinda, yaani kunichunguza. Alisema mchele umemwishia ghafla. Kwa wifi kila kitu huisha ghafla, na kila mara mimi ninacho.

Nikasema nitamchotea mwenyewe. Akasema nisijisumbue, yeye si mgeni. Akaingiza mkono wote. Nikamsogezea bakuli, nikisema mchele wa juu ndio mzuri.

Akakitoa, akakigeuza, akakinusa. Kumbe anakijua, mwanawe wa mwisho alinyang'anywa kama hicho. Akauliza cha nani. Ningesema cha binti yangu, shangazi mtu angemfuata hadi zahanati. Mdomo ukasema: changu.

Wifi akakitazama, akanitazama, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akasema pole sana wifi, hata sisi tulishaona macho yako yamebadilika. Akanirudishia mkononi, akaondoka taratibu mno. Kimya kingi kina mshindo.

Bakuli alilisahau.

Jumatano, tarehe 5

Kimekauka. Kitufe bado kimezama. Nikafikiri: cherehani ikikwama, natia mafuta. Nikatia mafuta ya cherehani. Mengi kidogo. Nikachokoa kwa ncha ya sindano.

Kidude kikawaka taa chenyewe. Sikukigusa, kinawaka. Kinazima. Kinawaka. Kikaanza kupata joto kama yai linalotagwa.

Nilikitia ndani ya sufuria, nikafunika, nikaweka jiwe juu ya mfuniko, nikaipeleka sufuria katikati ya uwanja wa nyuma. Nikakaa mbali, ndoo ya maji mapajani, namwomba Mungu kwamba kama kitalipuka basi kilipuke kuelekea kwa wifi. Nikatubu. Nikaomba tena, kwa sauti ya chini.

Binti yangu akarudi mapema. Akauliza nafanya nini. Nikasema napika maharagwe. Akatazama sufuria, akatazama chini ya sufuria, akauliza moto uko wapi. Nikasema nayaacha yapoe. Akauliza jiwe la nini. Nikasema maharagwe ya siku hizi yanafura.

Hakucheka. Ana hasira siku hizi mbili. Anatafuna jojo kama mbuzi, anafungua droo na kuzifunga kwa kishindo. Jioni akateremsha sanduku lake kubwa kutoka juu ya kabati.

Sanduku, wewe. Lile lile alilohamia nalo.

Nilimsikia akitoa nguo, akizikunja. Nikasimama mlangoni kuuliza, nikashindwa. Nikaenda kukaa jikoni gizani, nikasingizia kwamba balbu imeungua.

Alhamisi, tarehe 6

Sanduku bado liko sakafuni. Hakuna muda.

Nimekwenda kwa fundi simu wa kona, huyu wanayemwita Waya. Nilikifunga kidude ndani ya leso, leso ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko. Waya alifungua mafundo yote kwa subira, kisha akauliza kwa sauti ya kuuzia samaki: mama mkubwa, hii sigara ni yako?

Foleni nzima ikageuka. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwemo, ameshika chaja.

Nikasema ni yangu. Mara ya pili uongo huja laini.

Waya akauliza nani alikitia mafuta. Nikasema sijui, labda kilitoka nayo kiwandani. Akasema hata chapati haipati mafuta hayo. Kisha akanipa maneno yaliyoniondolea usingizi: kitufe kikikwama kimezama, kidude kinajichemsha, betri inavimba, inaweza kupasuka. Akauliza usiku nilikiweka wapi.

Chini ya mto wangu, nilimjibu. Ili binti yangu asikione.

Waya alinitazama kwa huruma. Akasema ana kitufe cha kidude kibovu, atakibandua na kukihamishia. Nirudi kesho. Mwalimu wa kwaya akanishauri nivute pumzi ndefu kabla ya mazoezi ya Jumapili, kama bado ninazo.

Ijumaa, tarehe 7

Kimepona. Waya alikijaribu mbele yangu, akatoa wingu, akanielekeza nami nijaribu ili nisije kulalamika. Nilikataa. Akasema mteja lazima ajaribu. Watu wanatazama. Nikavuta.

Nilikohoa hadi mtandio ukaanguka. Muuza vocha akanipiga mgongoni, akiniambia mama acha, umri umeshakwenda.

Lakini kitufe ni laini kama siagi. Kinazama, kinarudi. Sijawahi kuona kazi safi hivyo.

Jumamosi, tarehe 8

Binti yangu alipoingia kuoga nikafungua zipu ya mkoba wake, nikakisukuma hadi chini kabisa, nikafunga zipu. Maji ya bafuni yakakatika, nikaruka hadi jikoni nikashika ufagio. Hakuniona.

Imekwisha. Sanduku bado liko sakafuni, ila limefungwa.

Jumapili, tarehe 9

Asubuhi alinikalisha kitandani kwake. Akasema shangazi amemweleza kila kitu. Akauliza kama ni kweli navuta.

Hapo ndipo niliposimama njia panda. Nikisema sivuti, ataniuliza kile kidude nilikitoa wapi, na sanduku lipo pale limefungwa. Nikasema ndiyo, mwanangu. Navuta.

Akalia. Nami nikalia, maana sikupenda kulia kwake. Akasema kosa ni lake, hata yeye alikuwa anavuta, pengine nilijifunzia harufu yake. Ila alikipoteza chake Jumatatu, akaona ni heri, akaacha kabisa. Wiki nzima bila moshi, ndiyo maana alikuwa mkali. Ili kujishughulisha akapanga sanduku: nguo za kuwagawia wenzake.

Nguo za kugawa. Nilitaka kumkumbatia hapo hapo.

Kisha jana jioni, akasema, akitafuta kalamu kwenye mkoba, akakikuta. Na kitufe chake, ambacho tangu akinunue kilikuwa kinakwamakwama, sasa laini. Akaninong'oneza kwamba huyo ni shetani, Mama. Shetani amekirudisha, tena amekitengeneza.

Nikamkemea shetani pamoja naye.

Amekitupa chooni. Tumeshikana mikono, tumeapa kuacha pamoja. Hahami. Nimeshukuru hadi sauti ikakauka, kwaya ikaimba bila mimi.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekuta mkoba wangu umehamishwa kutoka msumarini. Zipu wazi. Leso imekunjuliwa, hata vidonge vya kikohozi vimehesabiwa. Nilipomuuliza binti yangu, alikiri bila aibu. Alitaka tu kuhakikisha sijaficha kingine.

Imeniuma sana. Mtu mzima kupekuliwa. Mkoba wa mtu ni chumba chake, hupigi hodi na mkono tayari uko ndani. Jioni nitamkalisha nimwambie hivyo, kwa upole, bila kumficha.

Sasa hivi anaoga. Mkoba wake uko kwenye kiti. Natazama mara moja tu, nijue kama ameacha kweli, kisha tutaongea vizuri.