Mtangazaji Ndani ya Ngurumo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemaliza kulehemu. Ngurumo inanguruma! Ni mashine ya muziki niliyoiunda kwa mikono yangu: redio ya marehemu babu, mota ya feni, springi tatu za godoro na kengele ya mlango wetu. Mke wangu bado hajajua kuhusu kengele. Anashangaa tu wageni wamepungua.

Tuko watatu. Shemeji, mume wa dada yangu, seremala, anapiga fidla. Nesi wa zahanati anapuliza filimbi. Mimi, fundi redio, ndiye ubongo. Jumamosi tutapiga mbele ya mkutubi, anayetafuta kikundi kimoja, kimoja tu, cha kufungua ukumbi mpya wa maktaba. Tunashindana na kwaya ya walimu wastaafu. Wana sare, wale.

Shemeji kasema Ngurumo iingie mwishoni, dakika moja, kama chumvi kwenye mchuzi. Chumvi! Mimi!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa yake. Swichi ndogo chini ya zulia. Nikiikanyaga, fidla inafifia, Ngurumo inapanda. Nani atajua?

Nikajitolea kufunga nyaya zote za vipaza sauti pale tunapofanyia mazoezi, karakanani kwa Shemeji. Akanishukuru mno, akasema wachache siku hizi wana moyo kama wangu. Nikaona haya. Kama robo dakika hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikakanyaga. Dakika sita nzima nilipiga kama mwenye pepo. Jasho mpaka kwenye visigino.

Nilipofumbua macho, Nesi analia. Akasema hatujawahi kupiga vizuri namna ile, kulikuwa na utulivu wa ajabu. Shemeji akaafiki. Kichwa kikanivimba kama andazi.

Baadaye nikakagua nyaya. Nilizipishanisha! Aliyefifia ni mimi. Ngurumo ililia ndani ya hedifoni zangu tu. Wao hawakusikia hata chembe.

Mke wangu kauliza kwa nini sili.

Jumamosi, 9 Machi

Alfajiri nimezirekebisha nyaya, nikakunja zulia na swichi yake. Saa kumi jioni tukawa ukumbini. Viti vya plastiki, harufu ya rangi mbichi, mkutubi mbele na miwani yake ya mnyororo. Kwaya ikaanza. Iliimba vizuri, kwa bahati mbaya.

Zamu yetu. Shemeji na Nesi wakaanza taratibu. Nikakanyaga. Fidla ikafifia, safi kabisa. Ngurumo ikapanda, na badala ya ngurumo akatoka mwanamume.

“Anamtoka mmoja! Anamtoka wa pili!”

Redio ya babu ilikuwa imefufuka! Mpira, moja kwa moja kutoka uwanjani! Nikabonyeza kila kitu. Nikapiga kofi mashine. Jamaa hanyamazi.

Shemeji, kuona fidla haisikiki, aliacha kipaza sauti, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akapiga kwa nguvu zake mwenyewe. Mtangazaji akikimbia, fidla inamkimbiza. Akipunguza, fidla inanyata nyuma yake. Nesi akapuliza filimbi fupifupi kama refa. Kisha sauti ikapaa: “Gooooli!” Ukumbi wote ukasimama. Walimu wastaafu wakakumbatiana na sare zao. Mkutubi akavua miwani, akafuta macho.

Tumechaguliwa papo hapo!

Akauliza wazo lilikuwa la nani. Mdomo ukanitangulia: langu. Akauliza kama yule bwana anaweza kutoka tena siku ya ufunguzi. Nikasema anatoka wakati wowote nikimwamuru.

Nje, Shemeji akawa anakunja nyaya. Akasema kwa upole kwamba swichi aliiona tangu Jumanne. Karakana ile huifagia yeye mwenyewe. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

“Ulikuwa na furaha, shemeji. Tangu wateja wakupungukie sijakuona unapiga mluzi. Ningekuharibiaje? Lakini ukitaka kupiga zaidi, sema tu. Mimi si mtu baki.”

Akanipa dakika tatu, zangu mwenyewe. Nikainama haraka kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumapili, 10 Machi

Mimi ni mtu mpya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Nimeing'oa swichi. Nimekiri kwa Nesi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nimekiri kwa mke wangu kuhusu kengele. Huko sikusamehewa.

Amebaki mkutubi. Ufunguzi ni tarehe 23, na siku hiyo hakuna mechi popote. Nimetazama ratiba mara tatu. Shemeji kanishauri nimwendee nimweleze ukweli, ni mtu mwelewa. Kweli kabisa. Nitakwenda kesho asubuhi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda. Shati la pasi, uso wa toba. Mkutubi kanikaribisha chai. Nikafungua mdomo nikiri.

Akaniwahi. Akasema hajalala vizuri kwa furaha. Amewaandikia wakutubi wenzake wote waje kumsikia yule bwana. Kisha, kwa aibu kidogo, akauliza kama mashine ina sauti ya kike pia, maana mama yake mzazi atakuwepo, na kipenzi chake ni mpira wa pete.

Nikatazama chai. Nikatazama dari.

Nimeahidi watangazaji wawili. Mmoja mwanamke. Wakijibizana.

Shemeji hajui bado. Hana haja ya kujua, ana mengi. Nimejifungia bafuni tangu saa tisa, najizoeza ile sauti nyembamba. Mke wangu kagonga mlango kuuliza kama ni mgonjwa. Nimemwambia mzima kabisa, asinikatize, zimebaki sekunde kumi na bado ni sare.