Ombi la Kung'olewa kwa Kitufe cha Programu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Mashine za Muziki.

Ndugu Meneja,

YAH: KITUFE KINACHONIVUNJIA HESHIMA NYUMBANI KWANGU

Pokea salamu za mteja ambaye hajawahi kuwasumbua hata siku moja. Mimi ni msoma mita wa idara ya maji, baba wa familia, na mwimbaji. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwaya ya wafanyakazi wa idara yetu imerekodi sidii ya nyimbo za kuhimiza watu watunze maji. Wimbo wa tisa, unaowaomba wananchi watoe taarifa bomba likipasuka, unaongozwa na mimi. Siku nilipoleta sidii hiyo nyumbani nyimbo zote zilipita salama. Kesho yake, ulipoisha wa nane, ukaja wa kumi. Nikadhani ni vumbi. Nikafungua trei, nikaifuta sidii kwa fulana ya pamba, nikairudisha, na wimbo wa tisa ukaja kama kawaida. Kuanzia hapo kila nikirudi kazini nilianza kwa kufuta sidii. Nikawashauri hata wenzangu wa kwaya wafute za kwao, nikiwaeleza kwamba vumbi la siku hizi linapenda sana kukaa kwenye wimbo wa tisa.

Ndugu Meneja, halikuwa vumbi. Jioni moja nilimkuta mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anachambua mboga kwa mkono mmoja na kubonyeza rimoti kwa mwingine. Nilipombana binti yangu, akanieleza kila kitu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine yenu ina kitufe cha programu. Mtu anakibonyeza, anachagua namba ya wimbo, anakibonyeza tena, anachagua mwingine, na anaendelea hivyo mpaka aridhike. Akibonyeza cha kucheza, mashine inamtii yeye badala ya kuwatii waimbaji. Mama mkwe wangu alichagua nyimbo zote isipokuwa mmoja. Kumbe mimi nilipokuwa nafungua trei kufuta vumbi, programu yake ilikuwa inafutika, na yeye alikuwa anasubiri niingie bafuni aipange upya. Tumeishi hivyo kwa muda mrefu, tukisalimiana vizuri tu kila asubuhi.

2. Nafasi yangu haikuachwa wazi. Mashine yenu inaruhusu wimbo mmoja kupangwa mara mbili, kwa hiyo pengo langu limezibwa kwa kurudia wimbo wa tatu, unaoongozwa na mtunza stoo wetu. Kuenguliwa naweza kuvumilia, maana mimi ni mtu mzima. Lakini kuenguliwa halafu kiti chako akapewa mtunza stoo, hapana.

3. Nilijaribu kujitetea kwa kutumia kitufe cha kurudia, ambacho nakiri ni kazi nzuri ya mafundi wenu. Niliweka wimbo wa tisa ujirudie, nikaenda kuoga nikiwa na amani moyoni. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Mashine ilikuwa imesimamishwa, na namba tisa inawaka na kuzimika kwenye kioo kama mtu anayeomba ruhusa ya kuongea. Mke wangu alisema alitaka kusikia kama maji ya chai yamechemka. Nilikwenda jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

4. Nikakimbilia kitufe cha kuchanganya nyimbo, nikiamini hapo angalau kuna haki, maana mashine inachagua yenyewe na haina mama mkwe. Nako nimekuta mizengwe. Nyumba ikiwa tupu, inacheza wimbo wangu. Akija jirani yeyote mwenye masikio, inamleta mtunza stoo. Naomba mchunguze kama mashine hii haijaongeleshwa.

5. Nilitoa betri za rimoti nikawa naenda nazo kazini ndani ya mkoba wa mita. Mama mkwe na wenzake wakahamia kwenye vitufe vya mashine yenyewe. Huko waligundua kwamba kitufe cha kupeleka mbele kikishikiliwa wimbo hauruki, unakimbia, na sauti yangu inatoka kama ya vifaranga. Kwa mara ya kwanza familia nzima iliomba wimbo wa tisa urudiwe.

6. Hili ndilo kubwa. Jumamosi wanakuja wazazi wa kijana anayetaka kumuoa binti yetu. Mtu akiingia kwenye nyumba ambayo mwanawe anataka kuoa, anapaswa kujua baba wa nyumba ni nani, na mimi sina gari wala shamba la kumuonyesha. Nina wimbo wa tisa. Nilipotangaza kwamba tutausikiliza pamoja na wageni, mke wangu aliweka ufagio chini. “Baba watoto,” akaniambia, “siku hiyo tufungulie redio tu, tusikilize taarifa ya habari.” Ndugu Meneja, niliumia. Natembea juani mchana kutwa kwenye nyumba za watu wasiotaka kuniona, halafu hata kwangu nanyimwa dakika chache za kusikika.

Kwa hiyo naomba kabla ya Jumamosi mtume fundi aje ang'oe kitufe cha programu. Akishamaliza hicho, aondoe na cha kuruka wimbo, kwa kuwa hao ni ndugu. Cha kusimamisha nacho kiende. Cha sauti nakubali kibaki, ila kiwe kinapandisha tu. Cha kuzima kifanye kazi baada ya wimbo wa tisa kumalizika. Na kama kiwandani kwenu kuna mtaalamu anayeweza kuifanya mashine ianze na wimbo wa tisa na kuishia hapohapo, tutampa chakula cha mchana, na mimi mwenyewe nitamuimbia akila.

Nisalimie mafundi wote, walinzi wa getini, akina mama wa kantini, na hasa yule aliyebuni kitufe cha kurudia. Aliyebuni programu msalimie pia, lakini kwa mbali.

Wako mwenye kinyongo cha adabu,

Msoma Mita,
Kiongozi wa Wimbo wa Tisa.

Nyongeza: Jumamosi ilifika barua hii ikiwa bado haijaenda posta. Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi, na asubuhi hiyo niliamka sauti imekauka kabisa, hata wageni niliwasalimia kwa mikono. Hata hivyo nilifungua trei mwenyewe, nikaweka sidii, nikakaa karibu na mashine mtu asiiguse. Sasa, Ndugu Meneja, kwa kawaida wimbo huo ukianza mimi husimama nikauimba juu yake mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo sikuweza, kwa hiyo niliusikia kwa mara ya kwanza. Yule mtu anapiga kelele. Kwenye ubeti wa pili kwaya inapanda, yeye anashuka, halafu kwaya nzima inasimama kumngoja, naye haji. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mashine yenu.

Baba wa kijana aliweka kikombe chini akauliza anayeimba ni nani. Mke wangu akatazama sakafu. Binti yangu akanitazama mimi, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe wangu, huyo niliyemshtaki kwenu, akajibu bila kupepesa macho, “Ni mtu wa kazini kwao, baba. Alishahama.”

Nami nikatikisa kichwa kukubali kwamba alihama. Mgeni akasema ni afadhali, na mazungumzo ya watoto yakaenda vizuri sana.

Kwa hiyo msing'oe kitu. Kitufe cha programu kibaki palepale, na mkitengeneza mashine mpya kifanyeni kikubwa na mkiwekee taa, maana mama mkwe wangu hukitafuta kwa kupapasa.