Jogoo wa Mechi ya Mwisho

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Baba Hulda amesema Jumamosi ndiyo mechi yake ya mwisho. Amesema akimega ugali, kama mtu anayeomba chumvi. Miaka kumi na moja kiwanda cha blanketi kimempa kazi kwa sababu ya miguu yake, na mitano ya mwisho amekuwa kapteni. Nikamwuliza nani amemfukuza. Akasema hakuna. Kijana alimpita mara mbili jana mazoezini, na mtu mwenye adabu huondoka mezani kabla sufuria haijakwaruzwa.

Hulda ana miezi minane. Mimi sikumbuki kitu cha kabla ya miaka mitano. Kwa hivyo, ili mtoto amkumbuke babake akicheza, lazima acheze mpaka 1991. Atakuwa na thelathini na tisa tu. Sioni shida.

Jumanne, 2 Septemba

Ameamka saa kumi na moja, akakimbia kutoka hapa Munyaka mpaka Kimumu na kurudi, na mvua juu. Mtu anayestaafu! Njumu amezijaza magazeti zikauke polepole. Wenzake huziweka kando ya jiko, zinapasuka. Yeye husema mechi huchezwa Jumanne, Jumamosi watu huja kuangalia tu. Mwanamume kama huyo utampata wapi?

Kochi Gichuru amepanga acheze nusu ya kwanza, halafu Ndungu aingie achukue nafasi yake. Ndungu ana miaka ishirini. Nimefikiria nikifua nepi. Huyo kijana akicheza vibaya, Kochi mwenyewe atakuja kumbembeleza Baba Hulda abaki.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata njia. Ndungu anaishi peke yake, chai na mkate. Nimemwalika chakula Jumamosi. Nitamshibisha mpaka ashindwe kuinama.

Baba Hulda amefurahi, eti nina roho nzuri. Niliangalia chini. Lakini akasema tule saa tano kamili, maana saa saba kila mchezaji awe uwanjani. Hiyo ni sheria yake: ukichelewa hata dakika moja, huchezi. Mwaka jana alimkalisha nje binamu yake Lazarus kwa dakika mbili. Lazarus hatusalimii mpaka leo.

Ijumaa, 5 Septemba

Jirani yangu Wacera alinionyesha kuku watatu. Nikachagua jogoo mkubwa kabisa. Wacera akaniuliza, Mama Hulda, una hakika? Huyo nilimkuta hapa nilipoolewa. Nikamwambia nataka wa kushibisha watu. Akamfunga miguu, akanipa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilimteleka jogoo jikoni asubuhi na mapema. Saa tano alikuwa bado mgumu kama soli ya kiatu. Makaa yalikuwa yamelowa. Ndungu alikuja amechana nywele, amemletea Hulda mkate. Wakakaa. Saa tano na nusu, Baba Hulda akauliza. Nikasema karibu. Saa sita, nikasema karibu sana. Kwao mgeni hatolewi nyumbani sufuria ikiwa motoni, na mwenye nyumba hamwachi mgeni peke yake. Hilo nililijua, nikalisahau.

Tulikula saa sita na robo. Ndungu alimaliza paja, akaongezwa ugali mara mbili, akasema Mama Hulda, tangu nitoke kwa mama sijala hivi. Baba Hulda alionja kipande kimoja, akiangalia saa.

Walitoka mbio. Nikafuata, mtoto mgongoni. Ndungu, na jogoo wangu mzima tumboni, alifika saa saba kamili. Baba Hulda alifika dakika nne baadaye.

Kochi akamwambia, kapteni, leo ni siku yako, vaa tu. Akakataa. Akasema Lazarus alikaa kwa dakika mbili, mimi ni nne.

Akakaa kwenye benchi, njumu zimefungwa kamba, soksi zimevutwa juu. Hakugusa mpira hata mara moja. Ndungu akacheza mechi nzima, na hakuna aliyempita. Nililia nyuma ya uwanja, shali ya Hulda ikalowa.

Filimbi ilipolia, Baba Hulda alivua jezi namba nne akamvalisha Ndungu. Watu wakasimama, wakapiga makofi, mameneja wa kiwanda nao. Lazarus akatoka katikati ya watu akamshika mkono, wakakaa hivyo muda mrefu. Nimemwona mume wangu akicheza miaka mitano. Sijawahi kumwona mkubwa kama leo akiwa amekaa.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya kanisa nilimwambia yote. Alimaliza kuzijaza njumu zake magazeti. Halafu akasema Ndungu alimshinda mbio akiwa ameshiba, kwa hivyo hesabu ya kustaafu ilikuwa sawa. Akasema Hulda hatakumbuka mpira, lakini ataambiwa habari ya benchi. Nimeahidi sitaingilia tena mambo ya timu.

Jioni Kochi Gichuru alipita. Kiwanda kimekubali Baba Hulda awe msaidizi wake. Nikafurahi. Lakini kwa nini msaidizi tu? Kochi ni mzee, magoti yanamlilia. Siku akichelewa uwanjani, mara moja tu, sheria ni sheria.

Nimemkaribisha chakula Jumamosi, saa tano kamili. Amekubali. Wacera anasema ana jogoo mwingine, kaka yake yule.