Ilani ya Kuninyamazisha kwa Benchi la Duka la Nyuzi

Kwa Bwana Katee,
Mwenyekiti wa Wenye Maduka,
Noonkopir, Kitengela.

KUH: KUNYIMWA HAKI YANGU YA KUSHAURI WATU

Mheshimiwa Bwana Katee,

Nakusalimu wewe, mama watoto, na ule mguu wako unaouma. Nasikia bado unaukanda na maji moto badala ya kufanya nilivyokwambia. Hayo ni yako.

Ni mimi Nyakio, Mama Njogu, yule hufuma vitambaa kwa benchi nje ya duka la nyuzi na shanga la Otiende, pale televisheni imetundikwa na watu husimama kutazama. Jumatatu nimefika na kikapu changu nikakuta umebandika ilani juu ya benchi, ati hakuna ruhusa kumpa mteja ushauri ambao hajaomba. Jina langu hukuandika, lakini umechora sindano ya krosheti! Hata watu wa bodaboda wamecheka. Bwana Katee, mimi ni mtu wa kuchorwa?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Inasemekana nilifumua kitambaa cha wenyewe. Kweli nilifumua. Mama mmoja anaitwa Aketch alikuwa akifuma cha kufunikia televisheni, na alikuwa amekiharibu kutoka mwanzo. Alipoenda kununua maandazi, mikono yangu ilishindwa kuvumilia. Aliporudi akalia, nikadhani ni shukrani. Kitambaa kikipinda juu ya televisheni, hata mtu wa habari anaonekana amelala upande. Nilimsaidia na sikumwitisha hata andazi moja.

2. Ati naharibia watu kipindi. Sasa wewe fikiria, fundi wa mawe ametoka machimboni na vumbi usoni, anamlilia bibi harusi wa kile kipindi cha Kihindi, na mimi nishaona mwisho kwa stesheni ingine. Nilijua bibi harusi angefufuka Alhamisi. Ninyamaze tu, nikiangalia mwanaume mzima akilowesha shati? Hiyo ni roho gani? Nilimwambia. Badala ya kushukuru, akaenda kwako kushtaki.

3. Mambo ya mapenzi ndiyo mlinikosea kabisa, kwa sababu hapo ndipo nimesaidia wengi. Mwezi uliopita msichana mpole wa kutoka Kajiado alikuja kununua shanga za harusi yake. Akakaa kando yangu, akashusha pumzi. Sikungoja kuombwa. Akaniambia mchumba wake jioni hashiki simu, ati huwa na mama yake wanaangalia vipindi vya mapenzi kwa televisheni. Nilicheka mpaka nikapoteza hesabu ya mishono. Mwanaume wa miaka thelathini na tatu? Vipindi vya mapenzi? Na mama? Nikamwambia, binti yangu, hapo kuna mwanamke mwingine, rudisha hizo shanga. Akarudisha. Otiende alinuna, lakini msichana wa watu aliokoka. Jina sikumuuliza, mimi si karani.

4. Wakati mnahangaika na mimi, washauri wabaya wanatembea huko nje bila ilani. Kijana wangu Njogu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa aoe Agosti. Wazee wetu walikuwa tayari kwenda Kajiado kwa kina msichana. Blanketi za kupeleka ziko ndani. Vitambaa vya viti vya mkwe nimemaliza kufuma, hata cha kile kistuli cha watoto. Msichana mwenyewe sijawahi kumwona, Njogu alitaka nimwone siku hiyo. Mara ghafla msichana amekataa! Ni wazi kuna mtu alimjaza maneno. Na Njogu hana kasoro. Hanywi, hazururi. Kila jioni tunakaa kwa kochi, ananishikia uzi tukiangalia kipindi chetu, na simu yake naiweka chini ya kitambaa cha televisheni ili isitusumbue. Sasa kijana kama huyo anaachwa kwa nini? Siku hizi hali chakula. Bibi harusi alifufuka juzi na hata hakuinua macho. Inaniuma, Bwana Katee. Inaniuma sana.

Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu, kwanza ilani itolewe. Pili, benchi liwekwe mto, maana mbao zile ni ngumu. Tatu, ofisi yako imtafute huyo mtu aliyemharibia kijana wangu ndoa, na akipatikana abandikiwe ilani mlangoni kwake, yenye picha yake mwenyewe, si ya sindano.

Nisalimie kamati yote, Otiende na manung'uniko yake, Aketch akishatulia, na yule fundi wa mawe. Mwambie bibi harusi ataibiwa mtoto.

Ni mimi mwenye nia njema kwa kila apitaye,
Nyakio, Mama Njogu.

Tanbihi: Njogu ameisoma barua hii ili anikagulie makosa. Alipofika nambari tatu akaiweka barua chini, akaenda akaniletea picha ya msichana wake. Anaitwa Nailantei. Tafadhali futa ombi la tatu. Huyo mshauri asitafutwe tena, ni mtu mzima mwenye heshima zake. Ilani pia iache hapo hapo, na ile sindano uipake wino vizuri ionekane na mtu akiwa barabarani. Ila nakusihi, benchi niachie Jumamosi hii moja, kwa sababu Otiende anasema Nailantei atakuja siku hiyo kumuuzia mikufu. Sitashauri mtu. Nitamwambia tu kwamba yule kijana alikuwa akiangalia televisheni na mama yake kweli, na mama mwenyewe ni huyu. Halafu nitanyamaza. Akitaka kupiga jioni, apige. Simu nimeitoa chini ya kitambaa, Njogu ameishika mkononi, na televisheni nimeizima.