Bibi Sperancia Amekwishafika Hospitali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa madiwani mliofika na mlioomba udhuru, Baba Paroko, Mchungaji, wazee wafugaji, akina mama wa kahawa na ndizi, wadau wote wa Nyabiyonza, na wewe Bibi Sperancia uliyelala hapo mkekani na mguu wako uliovimba: shikamooni! (Marahaba ya wachache.)

Awali ya yote nijipongeze, maana nikiwaachia ninyi kazi hiyo mtachelewa. (Makofi ya dereva wa mgeni rasmi anayehutubia.)

Ndugu zangu, mgonjwa wenu hadi leo anabebwa mabegani na vijana wa machela mpaka hospitali, kule Omurushaka. Aibu gani hii! Ndipo ofisi yangu, kwa kuzingatia miongozo, ikabuni simulesheni, yaani mchakato ambao kompyuta inaigiza safari kabla ya safari yenyewe, inachakata data za mvua, matope na huruma ya wenye magari, kisha inampangia kila mgonjwa dereva wa kujitolea asiyedai hata soda. (Vigelegele. Sauti: “Gari liko wapi?”)

Mzee Byarugaba, najua ni mkeo anayeumwa, lakini maswali ni mwishoni, na mwishoni hatutakuwa na muda. (Kicheko.)

Matokeo ni mazuri mno. Wagonjwa wamefika kwa asilimia mia moja na ushee! Bibi Sperancia, kwenye simulesheni umekwishatibiwa, umerudi, na sasa hivi unamenya ndizi. (Bibi Sperancia: “Mwanangu, naumwa.”) Usiipinge sayansi, bibi.

Simulesheni! Simulesheni oyee! (“Oyee,” dereva.) Matope ziii!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mfadhili atakayepatikana. Nawashukuru madereva watakaojitokeza. Naishukuru kompyuta, ambayo tutainunua bajeti ikiruhusu, kwani matokeo niliyowasomea ni ya makadirio ya kichwani mwangu. (Minong’ono.) Zaidi nawashukuru vijana wa machela: gari langu lilipozama kule bondeni, walimshusha Bibi Sperancia hapa, wakaja kunibeba mimi, nikafika na viatu vikavu. Huo ndio moyo wa kujitolea! Sasa inueni machela twende, nasubiriwa Kimuli.

(Vijana wanainua machela. Juu yake yuko Bibi Sperancia. Mzee Byarugaba anatangulia.)

Jamani! Na mimi je? Yale matope nitayavukaje?

(Bibi Sperancia, kwa mbali: “Iulize kompyuta, mwanangu.”)