Monita Yangu Inakufa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Masjala imeletewa monita mpya. Moja! Pana, nyembamba, bado imo kwenye nailoni yake. Mama Tereza, mkuu wetu, katangaza kwamba Ijumaa atapewa mwenye monita mbovu kuliko wote. Faustini, jirani yangu wa meza, ya kwake ina mstari wa kijani katikati. Ameshaanza kutabasamu. Yangu nzima kabisa. Bahati mbaya iliyoje.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua vitufe chini ya kioo. Mwangaza nimeushusha hadi sifuri, kontrasti nayo sifuri. Giza! Nikaguna ofisi nzima isikie. Faustini kauliza kama naumwa. Nikamwambia monita yangu inakufa. Akanipa pole. Mnafiki.

Jumatano, 5 Machi
Macho yanauma. Barua nazisajili kwa kubahatisha. Sirudishi mwanga ng'o, Mama Tereza hupita bila taarifa. Jioni nimempelekea Anitha wa TEHAMA kilo ya zabibu. Yeye ndiye atakayekagua.

Alhamisi, 6 Machi
Saa tisa utumishi wametuma fomu kwenye kompyuta: nani yuko radhi kuhamia ofisi mpya ya Chemba? Nani, mimi? Mwenye nyumba iliyofika kwenye lenta, bado paa tu, kule Nzuguni? Thubutu! Vitufe viwili, maandishi siyaoni. Nikakumbuka kwamba Hapana huwa kushoto. Nikabofya, nikaenda zangu nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Zabibu kala, shukrani hana. Anitha kainama, kabonyeza kitufe mara chache, kioo kikawaka kama jua la saa saba. Maandishi makubwa katikati: Asante, umekubali kuhamia Chemba.

Mama Tereza kayasoma mara mbili. "Hongera, Obedi," akasema. "Sikujua unaipenda Chemba."

Ningesema sikuona, ningeulizwa kwa nini nilikaa gizani siku tatu. Nikashukuru. Monita kapewa Faustini.

Jumatatu, 24 Machi
Chemba. Nyumba imebaki bila paa. Nilipoiaga nililia, nakiri. Kosa ni la Anitha.

Ofisi si mbaya. Mkuu ni Mzee Hashimu. Nilimwamkia shikamoo, akanionyesha meza yangu. Kasema Ijumaa kinakuja kiti kipya cha kuzunguka, kimoja tu, na atapewa mwenye kiti kibovu kuliko wote. Changu kizima, imara.

Nimeazima bisibisi.