Seva Yangu na Sauti ya Marehemu

Jumamosi, 4 Oktoba
Seva imefika! Chuma kitupu, mtumba wa ofisi fulani ya Mombasa. Imeletwa na punda kutoka gatini mpaka mlangoni. Punda aliigonga kwenye kona za vichochoro, haidhuru. Imewaka. Inanguruma mpaka mke wangu Mardhiya kauliza kama nimeleta mashine ya kusaga mahindi. Hajui huyu! Ndiyo itakayobeba tovuti za nyumba zote za wageni Shela. Mshindani wangu Hussam na klaudi yake atafute kazi nyingine. Yeye huweka vitu vya watu kwenye mitambo ya kukodi ughaibuni, hata hajui iko wapi. Nahitaji mteja mmoja tu wa kuanzia, mwenye heshima zake.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimempata. Shangazi Mwanatumu! Yuko edani, mumewe Bwana Uthman kafariki mwezi wa nane. Darsa za marehemu zilirekodiwa kwa miaka, na Hussam amezihifadhi klaudi. Shangazi huzisikiliza kila akishasali Isha. Bila hizo hapati usingizi, kasema mwenyewe. Nikamwambia sauti ya mumewe imo kwenye mashine za wageni, na haijulikani nani anaisikiliza. Alishtuka. Akasema hataki mumewe akae nti ya watu, ughaibuni huko. Nikamwambia kwangu atakuwa mtaa huu huu. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Jumanne, 7 Oktoba
Darsa zote zimeshaingia kwenye seva yangu. Leo Hussam kaja kwa Shangazi. Mwanamume wa kando haingii kwa mwenye eda, basi alibaki dakani, nje ya mlango, na mimi, mtoto wa kaka yake Shangazi, nikawa wa kupeleka maneno. Raha iliyoje! Akasema seva ya nyumbani ni nzuri, iko karibu na ina kasi, lakini ikifa imekufa na vilivyomo. Shangazi abakishe nakala klaudi, awe na vyote viwili.

Nikaingia. Nikamwambia Shangazi kwamba Hussam anamsalimu na amekubali zifutwe. Nikatoka. Nikamwambia Hussam kwamba Shangazi ameshikilia zifutwe zote, hata pipa la taka la huko klaudi limwagwe. Alinitazama sana. Akafuta mbele yangu, sura imemshuka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Silali. Jicho lile la Hussam si la bure. Seva imeanza kupata moto. Hasadi hiyo! Nimetoa chetezo, nikatia udi uliobaki wa harusi yetu, nikakiweka chini ya seva. Feni zinauvuta moshi zenyewe, hazibakishi hata kidogo. Mashallah! Mardhiya akasema mashine haina pua. Nimemwambia anyamaze. Nitafukiza kila magharibi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Imekufa. Ililia mara moja, ikanyamaza. Chumba kizima kinanukia vizuri ajabu. Nimeifungua: masizi yenye mafuta yameganda kila mahali, feni hazizunguki, diski hazisomeki. Fundi kanipa pole kama ya msibani. Nikamwendea Hussam, nimeinamisha kichwa. Katafuta klaudi mpaka kachoka. Hamna kitu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimemwambia Shangazi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Akasema darsa zenyewe zimo vitabuni, si hizo zinazomuuma. Alichokuwa akikingojea kila usiku ni pale mwanzo, kabla ya bismillahi, Bwana Uthman anapokohoa kidogo kisha anamwita kwa jina amletee maji. Basi. Jina lake tu, kwa sauti ile. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nimelia ndiani nikirudi, mbele za watu. Sijali nani kaniona.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kosa si langu wala la seva. Udi ule ulikuwa wa zamani mno. Nimeagiza seva nyingine, kubwa zaidi. Bi Mwanamkisi, jirani yetu, ana sauti za marehemu mamake, nazo Hussam kaziweka klaudi. Nimempigia baada ya swala ya Ijumaa, nikamweleza hatari ya nti ya watu. Kaingia hofu, maskini. Seva haijatoka Mombasa, naye ameshaanza kufuta.